Mizani Niliyokuja Nayo Darasani

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, wazazi na wenzi mliowasindikiza wapendwa wenu hadi hapa Kisumu, nanyi wanafunzi mnaoanza masomo leo, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuacha kazi moja na kuingia katika kazi ya kutunga programu za kompyuta kupitia kozi hizi kali za miezi michache, ambazo wengi wenu mnaziita butikampu, nami nitaziita kambi za mafunzo. Siku niliyoketi kwenye kiti kama hicho mlichoketia, nilikuwa na umri wa miaka 38 na watoto watatu, na sikuwa nimewahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, yaani maagizo yanayoandikiwa kompyuta. Kwa miaka 11 nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha sukari cha ukanda huu wa Nyando. Kiwanda chenyewe sitakitaja, kwa sababu hakipo hapa kujitetea.

Kwa wasioijua kazi hiyo, nitaieleza kidogo, maana nitaihitaji mbele. Trekta huingia likivuta trela lililojaa miwa, likapanda juu ya mizani, na karani akaandika uzito wote. Kisha huenda uwanjani kupakua, likarudi tupu, likapimwa tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo miwa ya mkulima, na ndiyo karo ya watoto wake. Karani akikosea tarakimu moja, mkulima atakuja kesho yake asubuhi na mapema, na hatakuja peke yake. Wengine wenu mmezaliwa mkakuta mashine za Miwani, kiwanda cha kwanza cha sukari katika nchi hii kilichoanzishwa mwaka wa 1922, zimekwisha kunyamaza, kwa hiyo sina haja ya kuwasimulia inakuwaje mishahara ikianza kuchelewa mwezi mmoja, kisha mitatu, kisha mitano.

Nilikuja kambini nikiamini kwamba miaka hiyo 11 ilikuwa imepotea. Nilipoulizwa siku ya kwanza nilikuwa nikifanya kazi gani, nilijibu kwa sauti ya chini kwamba nilikuwa katika mambo ya ofisi. Aliyeketi kushoto kwangu alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka huo huo na vidole vyake vilikimbia juu ya kibodi kama mvua juu ya bati, nami nilikuwa bado naitafuta herufi moja baada ya nyingine. Nililolijua la thamani, kwa fikira zangu za wakati huo, halikuwapo hata moja. Hilo ndilo kosa ninalotaka kulizungumzia leo, kwa kuwa nimeliona kwa karibu kila mwanafunzi mtu mzima niliyekutana naye tangu wakati huo: anaiacha kazi yake ya zamani mlangoni pamoja na viatu, na anaingia darasani akiwa mtupu.

Ilikuwa wiki ya pili ya masomo. Tulipewa zoezi dogo katika Python, lugha mojawapo ya kuandikia programu: kuandika programu inayomwomba mtumiaji namba mbili, kuzijumlisha na kuonyesha jibu. Mimi, kwa mazoea tu, nikaingiza tani za matrela mawili, 12 na 9. Programu ikanijibu 129. Haikulalamika, haikuonyesha maandishi mekundu, haikusimama. Ilinijibu kwa utulivu wote kwamba matrela hayo mawili yalileta tani 129. Nilicheka peke yangu, kwa sababu mzigo wa namna hiyo ungelipeleka daraja la Ahero ndani ya mto pamoja na trekta lenyewe.

Sababu yake, ambayo mtajifunza wenyewe baada ya siku chache, ni kwamba katika Python kila kinachoingizwa kwa kibodi kupitia amri ya input huchukuliwa kuwa maandishi, hata kikiwa tarakimu tupu, na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi mawili huyabandika moja baada ya jingine badala ya kuyajumlisha. Dawa ni kuyageuza kwanza yawe namba, kwa amri fupi ya int au float. Lau zoezi lingekuwa la kutoa, programu ingekataa papo hapo na kutuambia kwamba maandishi hayatolewi kwa maandishi. Kujumlisha ndiko kulikotudanganya kimyakimya. Jirani yangu mwenye vidole vyepesi alikuwa na kosa lile lile, tena kwa namba ndefu kuliko zangu, lakini alikuwa amekwisha kulifunga zoezi na kuendelea na la tatu, kwa kuwa skrini haikumwonyesha kosa lolote. Si kwamba mimi nilikuwa na akili kumzidi. Hadi leo huwa namwomba msaada. Ila mimi nilikuwa nimetumia miaka 11 nikitazama namba na kujiuliza kama zinawezekana, na yeye hakuwa amewahi kudaiwa na mtu aliyesimama dirishani.

Tangu siku hiyo sikusema tena kwamba nilikuwa katika mambo ya ofisi.

Mradi wa mwisho wa kambi ulimtaka kila mwanafunzi atunge programu yake mwenyewe. Wengi walitunga orodha za shughuli za siku na programu za kuonyesha hali ya hewa, ambazo ni mazoezi mazuri, ingawa sijaona mtu wa Kisumu anayehitaji programu ya kumwambia kwamba mchana kuna joto. Mimi nilitunga programu ya kutoa stakabadhi za mizani. Mwalimu wangu, kijana wa miaka 24 ambaye aliniita mzee nami nikamwita mwalimu, na kila mmoja wetu alikuwa na haki, aliitazama hifadhidata yangu, yaani mahali programu inapoweka rekodi zake, akaniuliza kwa nini nisitumie namba ya usajili ya trekta kuwa kitambulisho cha kila mzigo, maana namba hiyo haifanani na nyingine. Nilimweleza kwamba trekta moja huweza kuja mara tatu au nne kwa siku. Kwamba trela hubadilishwa njiani likipata pancha. Na kwamba ukiutambua mzigo kwa trekta, kipimo cha trela tupu la safari ya pili kitakuja kutolewa kwenye miwa ya safari ya kwanza, na wakulima wawili watapewa pesa zisizo zao. Kwa hiyo kitambulisho ni namba ya stakabadhi, si namba ya trekta. Mwalimu alininyoshea chaki na kuniambia niwaeleze wenzangu ubaoni. Nilikuwa mwanafunzi wa nyuma kabisa katika darasa lile kwa kasi ya kuandika msimbo, na kwa dakika 20 nilikuwa mwalimu.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na nadhani hapo ndipo nilipoielewa methali hiyo.

Nimetazama orodha yenu asubuhi hii, si majina bali kazi mlizotoka, na nimeona yupo muuguzi, wapo walimu, yupo mhudumu wa M-Pesa, yupo fundi cherehani na wengineo. Dada muuguzi, wewe uliyehudumu katika wodi ya wazazi unajua jambo ambalo mtunzi wa programu aliyelelewa mbali na ziwa hili hataliota. Mtoto wa kike aliyezaliwa asubuhi huitwa Akinyi, wa mchana Achieng', wa usiku Atieno, na kwa hiyo wanawake wanne wenye jina moja la kwanza wanaweza kulala katika wodi moja usiku mmoja, na wawili kati yao wakawa na jina moja hata la baba. Programu ya hospitali itakayomtafuta mgonjwa kwa jina na kuridhika na jibu la kwanza itampa mtu dawa ya mwenzake. Wewe hutahitaji kufundishwa hilo. Utahitaji tu kufundishwa namna ya kuliandika.

Walimu nao wanajua kwamba mwanafunzi aliyepata sifuri si sawa na mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani, na ya kwamba anayeandika sifuri mahali pa nafasi tupu ameuharibu wastani wa darasa zima. Nimewaona watu wenye shahada wakilikosea jambo hilo.

Na ndugu yetu wa M-Pesa, wewe una hazina kubwa kuliko unavyodhani. Safaricom ina mlango wake wa kuwaunganisha watunzi wa programu na M-Pesa, unaoitwa Daraja, na wengi wenu mtaufikia kabla ya kozi kumalizika, kwa sababu hakuna mteja katika nchi hii atakayekununulia mfumo usiopokea pesa kwa simu. Kinachowasumbua wanaoanza ni kwamba programu ikimwomba mteja alipe, ombi huenda kwenye simu yake ili aweke namba yake ya siri, na jibu la mwisho halirudi pale pale, bali huja baadaye, likiletwa kwenye anwani uliyoiacha. Katikati hapo simu inaweza kuzimika, mteja akasita, mtandao ukapotea. Mwanafunzi asiyejua hayo huandika programu isiyo na subira: inaona kimya, inadhani malipo yameshindikana, inaomba tena, na mteja analipa mara mbili. Lakini mtu aliyekaa kibandani Kondele kwa miaka minne akiwaambia wateja, "Ngoja kwanza, mama, usitume tena, ujumbe utaingia," tayari anaujua mfumo huo kwa moyo.

Siwaambii haya ili kuwafariji. Nawaambia kwa sababu soko mnaloliendea halina huruma, na sitaki mtu atoke hapa akidhani cheti cha kambi kitamfungulia milango. Kwangu mimi, hadi leo, hakuna mwajiri aliyeomba kukiona.

Kampuni ya Andela ilianza mwaka wa 2014 kwa wazo la kuwachukua vijana wa Afrika wenye vipaji, kuwafunza, na kuwaunganisha na kampuni za nje. Septemba 2019 iliwaachisha kazi mamia ya wahandisi wachanga katika Nigeria, Uganda na Kenya, kwa maelezo kwamba soko lilikuwa likitafuta wenye uzoefu zaidi ya wanaoanza. Vijana hao hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechujwa mara nyingi kuliko sisi. Kisha, Novemba 2022, kampuni ya Meta, mwenye Facebook, peke yake ikawaondoa wafanyakazi 11,000 kwa mkupuo mmoja, na mwezi huo huo ikatoka ChatGPT, programu ya akili bandia ambayo zoezi lile la kujumlisha namba mbili ingelimaliza kabla hujavuta kiti. Mkono mtupu haulambwi. Anayeingia katika soko hilo akiwa na ufundi wa miezi sita tu wa kuandika msimbo anashindana na watu wengi mno, na sasa anashindana na mashine pia. Anayeingia na ufundi huo huo wa miezi sita pamoja na miaka kumi ya kujua jinsi maziwa yanavyopokelewa, jinsi dawa zinavyogawiwa au jinsi karo inavyokusanywa hana washindani wengi.

Mfano wa jambo hili tunao nyumbani, nao ni Ushahidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipowaka, na Kisumu mnakumbuka ilivyowaka, Ory Okolloh, ambaye taaluma yake ni sheria, aliandika kwamba ingefaa kuwe na ramani ambapo watu wangeonyesha yanayotendeka mahali walipo. Watunzi wa programu waliitikia, na baada ya siku chache tu Ushahidi ukawa hewani, ukipokea taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Mfumo huo baadaye ulitumika Haiti baada ya tetemeko la mwaka wa 2010 na katika nchi nyingine nyingi. Msimbo wenyewe haukuwa muujiza. Kilichokuwa adimu ni mtu aliyeelewa ni nini kilichohitaji kuandikwa, na kwa nini kiandikwe wiki ile.

Nigusie fedha, kwa kuwa naona wazazi wamekaa mbele na sura zao zinaniuliza. Si kambi zote ni za kweli, na udanganyifu si wa Afrika peke yake. Katika Marekani, ambako kambi za namna hii zilianza kuenea mwaka wa 2012, ilikuwapo shule iliyojulikana kama Lambda School na baadaye BloomTech. Ilijitangaza kwamba kati ya asilimia 71 na 86 ya wahitimu wake walipata kazi. Aprili 2024, shirika la serikali la huko linalowalinda watumiaji wa huduma za fedha lilieleza kwamba takwimu za ndani za shule hiyo zilikuwa karibu na asilimia 50, na kwamba wakati mwingine zilishuka hadi asilimia 30. Wanafunzi walikuwa wametia saini kulipa asilimia 17 ya mapato yao kila mwezi wakishapata kazi, hadi yatimie malipo 24 au jumla ya dola 30,000, huku wakiambiwa kwamba huo si mkopo. Shirika likasema ni mkopo. Kwa hiyo mkiambiwa mahali popote kwamba mtasoma sasa na kulipa baadaye, ombeni mkataba, mkae nao nyumbani usiku mmoja, muusome hadi mstari wa mwisho, na mkiambiwa asilimia fulani ya wahitimu wameajiriwa, ulizeni wameajiriwa kufanya nini, na waliohesabiwa ni wangapi. Mkulima wa miwa hakubali uzito ambao hakuuona ukipimwa.

Na kabla ya kulipa chochote, jaribuni kwanza vya bure. freeCodeCamp, tovuti ya kujifunzia kutunga programu, haitozi hata senti moja. Aliyeianzisha mwaka wa 2014, Quincy Larson, alikuwa msimamizi wa shule aliyejifunza kutunga programu akiwa mtu mzima. Chuo Kikuu cha Harvard nacho huweka masomo yake ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta, CS50, wazi kwa kila mtu. Masomo ya kusoma hula bando kidogo kuliko ya video, nami nilikuwa nikiyapakua usiku na kuyasoma mchana. Kipakatalishi cha mtumba kinatosha, mradi kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, yaani RAM, isiwe chini ya gigabaiti 8 na betri iweze kuvumilia stima ikipotea, ambayo haiachi kupotea.

Muda nao niuseme kwa ukweli. Kozi yangu ilichukua miezi sita, na baada yake nilikaa miezi saba bila kazi ya kudumu. Katika miezi hiyo yote 13 nyumba yetu ilisimama juu ya omena ambazo mke wangu aliziuza soko la Kibuye, na sitaki msimulizi yeyote aje aisimulie habari yangu akimruka mama huyo. Nilituma maombi ya kazi mengi sana kwa kampuni za Nairobi, nyingi hazikujibu. Kazi yangu ya kwanza ya malipo ilinitokea kwa mwenye matrekta mawili ya kusafirisha miwa, mtu niliyemjua tangu siku za mizani, ambaye hakujua Python ni nini na hakutaka kujua. Alitaka tu mwisho wa wiki aweze kulinganisha safari ambazo madereva walisema wamekwenda na safari ambazo kiwanda kilisema kimezipokea. Alinilipa shilingi 15,000. Programu ile ilikuwa na kurasa tatu, na ukurasa mmoja ulikuwa na sura mbaya, lakini ilihesabu sawasawa. Kutokana na hiyo nikapata kazi niliyo nayo sasa, katika kampuni inayotengeneza mifumo ya vyama vya ushirika vya maziwa. Katika mahojiano waliniuliza maswali mawili ya msimbo, moja nikalijibu na la pili likanishinda. Kisha wakaniuliza ningefanyaje iwapo mkulima atadai kwamba kipimo cha jana si sahihi. Tulizungumza saa nzima.

Nimemwomba mwalimu wenu jambo moja, naye amekubali. Pale mlangoni kuna karatasi. Kila mmoja wenu achukue moja, aende nayo nyumbani, na usiku wa leo aandike, kwa Kiswahili, kwa Kidholuo au kwa lugha yoyote anayoiota, kosa moja la hesabu, la jina au la tarehe lililokuwa likirudiarudia katika kazi yake ya zamani: lilivyoanza, nani aliligundua na nani aliumia. Msiandike programu, msiandike suluhisho, andikeni kosa lenyewe tu. Mwalimu atazikusanya kesho saa mbili asubuhi, na somo la kwanza litaanzia hapo. Fundi wetu wa cherehani ameniambia wakati wa chai kwamba yeye hana la kuandika, kwa kuwa kazi yake ni nguo. Nikamuuliza huwa anafanya nini mteja akirudi na suruali iliyopimwa inchi na kukatwa sentimita. Amekwisha kuchukua karatasi mbili.